Nani Anagonga Bomba Usiku?

Kuna kelele moja ambayo karibu kila aliyewahi kuishi kwenye nyumba yenye bomba anaifahamu, ila hatujawahi kukubaliana jina lake. Umemaliza kuoga, umefunga koki ya shawa, mara ukuta unajibu: du! Wakati mwingine ni pigo moja zito, kama mtu kagonga mlango kwa ngumi. Wakati mwingine ni mfululizo, du-du-du-du, kama cherehani iliyokosa mafuta. Na ikitokea saa nane za usiku, umeme umekatika na bafuni hakuna mtu, hapo ndipo wapangaji wanapoanza kumkumbuka mwenye nyumba wa kwanza na namna alivyokufa.

Kwenye uandishi wa habari tunafundishwa kuuliza nani, nini, lini, wapi, kwa nini na vipi. Leo nataka kuyauliza maswali yote hayo kwa kelele ya bafuni. Usicheke, ndugu msomaji. Kelele hii ina historia ya zaidi ya miaka 200. Imepita kwa fundi saa wa Uingereza, kwa mtengeneza maputo wa Ufaransa, kwa jenerali wa Italia na kwa profesa wa Moscow, kisha mwaka 1984 ikafanyiwa mkutano mzima Arusha, saa chache tu kwa gari kutoka Qurus kwetu.

Kwa wasioifahamu, Qurus ni kata ya wilaya ya Karatu. Ukipita na magari ya watalii kuelekea Ngorongoro utaona udongo mwekundu, mashamba ya mahindi na mbaazi, vilima vinavyopandana, na huko juu ule msitu wa nyanda za Ngorongoro unaotulisha chemchemi. Kwa Kiiraqw maji ni ma'ay. Kwa kizazi cha mama zetu, ma'ay ilikuwa ni punda, madumu na njia ndefu ya kwenda chemchemi na kurudi. Bomba halikuwa na kelele kwa sababu halikuwepo.

Siku hizi mambo yamebadilika. Watu wamejenga. Ndani kuna vigae, kuna choo cha kukaa, kuna shawa. Na pamoja na shawa ndiyo imekuja hiyo du.

Likizo moja nililala kwa shangazi yangu, dada yake baba. Nyumba nzuri, mpya, simtanki juu ya mnara wa tofali. Usiku nikaisikia ile cherehani ikishona ndani ya ukuta karibu saa nzima. Asubuhi nikamsalimia.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama. Ila jana usiku bafuni kulikuwa na nini?"

"Kumbe na wewe umesikia! Fundi alisema ni upepo. Watoto wa jirani wanasema ni jini. Mimi nikamwita mchungaji akaja akaombea, ikatulia siku mbili, ikarudi. Sasa wewe uliyesoma utuambie."

Maelezo matatu ya tukio moja! Kwa mtu anayependa historia hiyo ni sikukuu. Nitarudi kwa fundi wa shangazi, maana hakukosea sana. Kwanza twende nyuma.

Tuanze na maji yasiyogonga. Chini ya nyanda za Ngorongoro, kwenye Bonde la Ufa, kuna Engaruka. Pale kati ya karne ya 15 na ya 18 waliishi wakulima waliojenga mifereji na matuta ya mawe na kumwagilia eneo la kilomita za mraba zipatazo 20. Wachagga nao Kilimanjaro wana mifongo yao, wameiendesha kwa karne nyingi. Hawa wote walikuwa wahandisi wa maji kweli kweli, lakini hakuna kati yao aliyewahi kusumbuliwa na kelele hii. Kwa nini? Kwa sababu mfereji uko wazi. Ukiziba maji ya mfereji ghafla yanapanda kingo, yanamwagika pembeni, yanatulia. Hasira yake ina mahali pa kutokea.

Bomba halina kingo za kumwagikia. Bomba ni gereza. Na hapa Afrika Mashariki gereza hilo tulilizoea mapema kidogo Zanzibar. Sayyid Said alijenga bafu za Kidichi mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, na mwanawe, Sultan Barghash, katika utawala wake wa 1870 hadi 1888, akaingiza mjini maji ya bomba kutoka chemchemi za nje ya mji. Maji yakaacha kubebwa kichwani, yakaanza kubanwa ndani ya chuma.

Sasa kwa nini maji yaliyobanwa yanagonga? Nitatumia mfano tunaoujua wote.

Panda daladala saa kumi na mbili jioni. Watu wamesimama wamejaa mpaka mlangoni. Gari linakwenda kasi, mara dereva anakanyaga breki. Nini kinatokea? Aliye mbele kabisa anabanwa kwenye kiti cha dereva. Wa pili anamwangukia wa kwanza. Wa tatu anamwangukia wa pili. Ukiangalia vizuri, kubanwa kunasafiri kurudi nyuma, kutoka mbele ya gari hadi siti ya mwisho, ingawa watu wenyewe wanakwenda mbele. Halafu wote wanarudishwa nyuma kwa pamoja na malalamiko yanaanza.

Maji ni abiria. Koki ni breki. Ukifunga ghafla, tone la mbele linasimama, la nyuma yake linalikuta limesimama, na kubanwa kunarudi kama wimbi hadi bomba lilikoanzia, kisha linageuka na kuja tena. Kwenye bomba la chuma wimbi hilo hukimbia karibu mita 1,200 kwa sekunde moja, zaidi ya mara tatu ya kasi ya sauti hewani. Kila likifika kwenye koki au kona linasukuma, na kama bomba halikushikwa vizuri, linapiga ukuta. Hiyo ndiyo du. Waingereza wanaliita jambo hili nyundo ya maji. Wafaransa wanaliita pigo la kondoo dume, na muda si mrefu utaona kondoo huyo katoka wapi.

Mwaka 1772 huko Oulton, katika jimbo la Cheshire, Uingereza, fundi saa mmoja aitwaye John Whitehurst alifanya jambo la ajabu. Kulikuwa na bomba linaloleta maji jikoni, na kila koki ilipofungwa maji yalisukuma. Wengine wangelalamika. Yeye akaweka valvu ya kuruhusu maji yaliyosukumwa yatoke upande mmoja tu bila kurudi, na chupa ya hewa juu yake. Watumishi wakifungua na kufunga koki kwa shughuli zao za kila siku, maji yanapanda yenyewe kwenda kwenye tangi lililoko karibu mita 5 juu. Yaani kila aliyenawa mikono alikuwa anapiga pampu bila kujua!

Kuna kisa kingine kinachopatikana katika vitabu vya zamani vya mitambo ya maji, cha hospitali moja mjini Bristol, na hiki kinafanana kabisa na tatizo la nyumba zetu. Hospitali ilikuwa na bomba la risasi linaloshusha maji kutoka tangi la ghorofani hadi jikoni. Kila koki ya jikoni ikifungwa haraka, bomba linapasuka. Linazibwa, linapasuka tena. Mwishowe fundi akaunganisha bomba dogo nyuma ya koki na kulipandisha ukutani hadi kimo kile kile cha tangi. Hesabu yake ilikuwa rahisi: maji hayawezi kupanda juu kuliko yalikotoka. Koki ikafungwa, maji yakaruka nje kwa juu kama chemchemi. Akaliongeza bomba. Yakaruka tena. Akaongeza hadi kama mara mbili ya kimo cha tangi, na bado yalichuruzika. Hospitali ikaamua kuweka tangi huko juu, likawa linajazwa bure na kelele iliyokuwa ikiwapasulia mabomba.

Naomba usimame hapo kidogo. Fundi alikwenda kutibu ugonjwa, akarudi na mashine.

Mwaka 1796 Mfaransa Joseph Montgolfier, yule ambaye pamoja na ndugu yake walirusha puto la hewa ya moto mwaka 1783, akamaliza kazi. Pampu ya Whitehurst ilihitaji mtu wa kufungua na kufunga koki. Montgolfier akaweka valvu inayojifunga yenyewe maji yakikimbia kasi, na kujifungua yenyewe pigo likipita. Inagonga, inafunguka, inagonga, mchana na usiku, bila mafuta, bila umeme, bila mtu. Kwa jinsi ilivyokuwa ikipiga kichwa bila kuchoka, wakaiita kondoo dume wa maji. Kwa Kiingereza ni hydraulic ram, na mafundi wengi wanafupisha na kusema hidramu.

Wanasayansi walikuja nyuma ya mafundi, kama kawaida. Mwaka 1858 Luigi Menabrea wa Italia aliandika mojawapo ya maelezo ya kwanza ya kisayansi kuhusu pigo hili. Wapenzi wa kompyuta mtamkumbuka: ni huyo huyo aliyeandika mwaka 1842 kuhusu mashine ya Charles Babbage, makala ambayo Ada Lovelace aliitafsiri na kuiongezea maelezo yaliyompa umaarufu. Menabrea baadaye akawa waziri mkuu wa Italia. Siasa, kompyuta na bafu katika kichwa kimoja.

Kisha Moscow. Mji ulikuwa unatandaza mabomba makubwa ya maji na yalikuwa yanapasuka. Mwaka 1897 Nikolai Zhukovsky, ambaye Warusi wanamheshimu pia kama baba wa urushaji ndege wao, alianza majaribio kwenye mabomba marefu ya inchi 2, 4 na 6 pamoja na bomba kubwa la mji. Mwaka 1898 akatoa kanuni ambayo wahandisi wa dunia nzima wanaitumia mpaka leo. Ni fupi: chukua densiti ya maji, zidisha kwa kasi ya lile wimbi, zidisha kwa kasi ya maji uliyoizima. Basi.

Tuifanyie kazi. Maji yanakimbia mita 1 tu kwa sekunde, mwendo wa mtu anayetembea taratibu. Funga ghafla kwenye bomba la chuma. Utapata msukumo wa ziada wa karibu bar 12, sawa na kusimamisha safu ya maji yenye kimo cha mita 120 juu ya koki yako! Simtanki la shangazi, kwenye mnara wake wa mita chache, halifikishi hata bar 1. Kwenye bomba la plastiki wimbi ni pole zaidi, kati ya mita 300 na 500 kwa sekunde, hivyo pigo ni kama bar 3 hadi 5. Plastiki inasamehe. Lakini viungo vyake vilivyogundishwa vibaya havisamehi.

Zhukovsky alionyesha jambo la pili ambalo kwa Qurus ni kubwa kuliko la kwanza. "Ghafla" maana yake nini? Maana yake ni kufunga kabla wimbi halijaenda hadi mwanzo wa bomba na kurudi. Kwenye bomba la mita 10 ni sehemu ndogo sana ya sekunde, mkono wa mtu hauwahi. Lakini kwenye bomba la plastiki la mita 600 wimbi linahitaji kama sekunde 3 kwenda na kurudi. Nani kati yetu anafunga koki kwa sekunde 3? Zile za zamani za kuzungusha zilitulazimisha. Hizi za kisasa, za mkono mmoja wa kupandisha na kushusha, au za robo mzunguko, zinafungwa kwa kidole ndani ya nusu sekunde.

Sasa tazama nyumba za kwetu. Zimetawanyika, kila moja shambani kwake. Bomba linatoka kwenye laini ya kijiji na kukimbia mamia ya mita hadi kwa mtu mmoja. Tangi la kijiji liko kilimani. Kila mita 10 za mteremko zinaongeza bar 1, kwa hiyo likiwa mita 60 juu yako, una bar 6 kabla hujagusa kitu. Bomba refu, mteremko mkali, koki ya haraka. Zhukovsky angetaka kuhamia Qurus!

Nimefika kwenye sehemu iliyonifanya niandike makala haya.

Mwaka 1971 serikali yetu ilianzisha mpango wa miaka 20 wa maji vijijini. Lengo lilikuwa kila mwananchi apate maji safi ndani ya mita 400 kutoka kwake ifikapo 1991. Lengo zuri, na maji yenyewe yalikuwa ya bure. Lakini miradi mingi ilitegemea injini za dizeli, na miaka ya 70 ikaleta bei mpya za mafuta, kisha vita vya Kagera vya 1978 na 1979, kisha ule ukata ambao wazazi wetu wanausimulia kwa kutaja foleni za sabuni na sukari. Injini zikanyamaza. Ukitembea vijijini hutakosa kusikia kuhusu nyumba ya pampu iliyobaki kuta na popo.

Katikati ya ukata huo, mwaka 1984, Arusha ilikuwa bado na majonzi ya Edward Sokoine, aliyefariki kwa ajali tarehe 12 Aprili. Wiki chache baadaye, kuanzia tarehe 29 Mei hadi 1 Juni, wahandisi walikutana mjini Arusha kwa msaada wa kituo cha utafiti wa maendeleo cha Kanada, IDRC. Ajenda yao ilikuwa moja: hidramu. Siku nne nzima wakajadili jinsi pigo la maji linavyoweza kupandisha maji vijijini bila lita hata moja ya dizeli. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa kimeshaanza kuzifanyia utafiti. Na pale pale Arusha, barabara ya Uhuru, Jandu Plumbers walikuwa wakizitengeneza wenyewe. Mafundi bomba wa mjini kwetu, si kiwanda cha Ulaya.

Hesabu yake hata mwanafunzi wa kidato cha pili ataiweza. Una kijito kinachoshuka mita 3 na unataka maji mita 30 juu. Kila lita 100 zinazopita kwenye mashine, tuseme ufanisi ni asilimia 60, lita 6 zitapanda na 94 zitaendelea na safari yake kijitoni. Unaona ni kidogo? Kama kijito kinatoa lita 100 kwa dakika, hizo lita 6 zinapanda kila dakika, saa 24, kwa sababu mashine hailali. Ni lita 8,640 kwa siku. Madumu 432 ya lita 20. Hesabu mwenyewe ni punda wangapi, na ni wasichana wangapi waliobaki darasani.

Si dawa ya kila mahali. Hidramu inataka maji yanayotiririka na mteremko, kwa hiyo kwenye kisima kirefu haina kazi. Na siku hizi kuna sola, ambayo inafika kusikofikiwa na hidramu. Sina ugomvi na sola. Ninachouliza ni hiki: imekuwaje nguvu iliyofanyiwa mkutano wa siku nne Arusha, na mashine iliyotengenezwa barabara ya Uhuru, ikarudi kuwa jini wa bafuni ndani ya kizazi kimoja?

Jibu langu ni kwamba tulihesabu mita kufikia koki, hatukuhesabu kinachotokea nyuma ya koki. Tulipewa bomba bila maelezo yake. Fundi anajifunza kuunga, hafundishwi kusikiliza. Na tangu Sera ya Maji ya mwaka 2002, ambayo ilisisitiza wananchi wachangie na waendeshe miradi yao wenyewe, kutojua huko kuna bei. RUWASA imeundwa mwaka 2019 kusimamia maji vijijini, lakini chini yake ni vyombo vya watumiaji maji, yaani majirani zetu, wanaokusanya hela ya dumu ili kununua soketi iliyopasuka. Koki yako ikigonga, wimbi haliishii kwako. Linarudi kwenye laini ya kijiji, linagusa kiungo cha jirani, kila siku, mpaka kiungo kinaanza kudondosha. Hapo ndipo mama wa mwisho kwenye laini anakuta bomba lina hewa tu.

Haya, turudi kwa shangazi. Tulimwita fundi, kijana mpole tu, tukakaa mchana mzima kusikiliza. Nakuandikia tulichofanya, na vingine unavyoweza kukutana navyo, kwa sababu kila mgongo una sauti yake.

Kwanza, pigo moja zito ukifunga shawa. Hii ni nyundo yenyewe. Fundi alikuwa ameunga shawa moja kwa moja kwenye laini ya kijiji ili maji yatoke kwa nguvu. Tukaihamishia kwenye simtanki. Maji yanatoka kwa upole zaidi, ila ukuta umenyamaza. Kama huwezi kuhamisha, punguza geti valvu ya kuingilia nyumbani hadi kelele ipungue, au funga kifaa cha kupunguza msukumo. Na funga koki polepole. Hilo halihitaji fundi wala shilingi.

Pili, ile cherehani ya usiku bafuni bila mtu. Huyo ni boya la tangi. Bomba la kujazia simtanki lilipita ndani ya ukuta wa bafu. Usiku watu wamelala, msukumo wa laini unapanda, tangi linakaribia kujaa. Boya linapanda kufunga, mawimbi ya ndani ya tangi yanalitikisa, valvu inafunga na kufungua, kufunga na kufungua. Tulibadilisha valvu iliyochakaa, tukaning'iniza kopo la plastiki lenye matundu chini ya mkono wa boya, likae ndani ya maji limzuie asicheze. Ndiyo, kopo. Ni ujanja wa mafundi wa siku nyingi.

Tatu, mtikisiko koki ikiwa nusu wazi tu. Tazama washa. Ikilegea inapiga kelele kama nzi kwenye kopo. Inabadilishwa kwa bei ndogo.

Nne, mapigo na makohozi maji yanaporudi baada ya mgao. Huo kweli ni upepo, na hapa fundi wa shangazi alikuwa sahihi nusu. Hewa imeingia bombani, maji yanaisukuma mbele yake na kugonga kona. Siku ya mgao fungua koki ya chini kabisa kidogo, acha hewa itoke taratibu, ndipo ufungue nyingine.

Tano, bomba lililolegea. Kwenye dari na ukuta lishikwe kwa klipu, pembeni mwa kila kona hasa. Klipu haiondoi wimbi, lakini inalinyima ngoma ya kupiga.

Sita, kwa wenye laini ndefu wasiokuwa na njia nyingine: chupa ya hewa, kama ile ya Whitehurst, ambayo Zhukovsky naye aliifanyia majaribio. Ni kipande cha bomba kilichosimamishwa wima karibu na koki, kimezibwa juu. Hewa ya ndani inakuwa godoro la wimbi. Ila kumbuka, hewa inayeyuka majini pole pole na chumba kinajaa maji. Mara moja moja funga maji ya nyumba, fungua koki zote yatoke, hewa irudi. Viko pia vifaa vya kisasa vyenye bastola au kiwambo ndani, ambavyo havihitaji hilo.

Mchungaji wa shangazi hana kosa, maana alijibu wito. Na watoto wa jirani walikuwa na hoja kuliko tunavyodhani: walisema ndani ya bomba kuna kitu chenye nguvu kinachotaka kutoka. Kipo. Ni maji yaliyokuwa yanakimbia yakakatazwa ghafla. Whitehurst aliyasikia akayapa kazi. Arusha ya 1984, mafuta yalipokosekana, iliyasikia ikataka kuyapa kazi.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Kama wewe ni mwalimu wa fizikia Karatu, Mbulu au popote penye mteremko, usifundishe kani na mwendo kwa mchoro wa gari la Ulaya peke yake. Wapeleke wanafunzi kwenye koki ya shule, waifunge ghafla, waweke mkono kwenye bomba. Kama uko kwenye kamati ya maji, waulize wateja wako nani bomba lake linagonga kabla halijapasuka. Hao ndio watakaokuonyesha pa kukagua. Na kama kwenu kuna kijito kinachoshuka huku watu wa juu wanabeba madumu, muulize mzee wa karibu kama aliwahi kuona chuma kinachogonga chenyewe kando ya maji. Ukikipata, hata kama kina kutu, niandikie. Nitakuja na kamera.